Tenga ndoo ya kunywa, na hela yake uitenge pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Kila mvua zikianza tunakumbushwa kwenye magazeti na redioni tuchemshe maji ya kunywa, sawa, mimi sipingi, kuhara na kipindupindu sio mchezo na hamna mzazi anayependa kulala wodini na mtoto ana dripu. Ila kwa sisi tunaokaa Usa River, Maji ya Chai, Ngarenanyuki, Leganga mpaka baadhi ya mitaa ya Arusha mjini, ushauri ukiishia kwenye kuchemsha unakuwa nusu, na tena unatumalizia mkaa bure.

Shida ya huku ni floraidi. Haya madini yanatoka kwenye mawe ya volkano ya mlima Meru, maji yakipita ardhini yanayabeba, na ubaya wake ni kwamba huyaoni wala huyasikii mdomoni, maji yanaweza kuwa meupe pee kabisa na yakawa nayo kibao, halafu kisima cha jirani hatua chache kutoka kwako kikawa hakina neno. Ukichemsha vijidudu vinakufa lakini floraidi inabaki pale pale, kinachoondoka ni maji yenyewe kwa mvuke, kwa hiyo yule anayeacha sufuria itokote weee nusu saa akidhani ndo anasafisha zaidi, anachoepua kina floraidi nyingi kwa kila kikombe kuliko alichotia jikoni. Kwa vijidudu yakishatokota vizuri dakika moja inatosha, walioko juu sana mlimani waongeze zifike tatu, zaidi ya hapo unachoma hela.

Matokeo yake yote tunayajua, meno yanakuwa ya kahawia, ukienda Dar ukicheka tu mtu anakuuliza we wa Arusha eeh. Jino linaharibikia ndani ya ufizi kabla halijaota, ndo maana umri wa kuangalia sana ni toka mtoto anazaliwa mpaka kama miaka 8 hivi, akishaota meno ya kahawia hata asugue na mkaa, na ndimu, na nini, hayarudi. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, kwa hiyo kichanga anayenyonya yuko salama, shida inaanza ukimuanzishia uji na maji ya bomba. Na meno ni afadhali, ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa, miguu inapinda na mgongo unakakamaa, waliowahi kufika kijiji cha Tindigani kule Hai karibu na uwanja wa ndege wa KIA wanajua naongelea nini. Ndugu zetu wa Moshi mjini wana chemchemi nzuri za Kilimanjaro na wanapenda kutucheka, ila hata kwao ukishuka tambarare mambo yanabadilika.

Shirika la Afya Duniani linataka floraidi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Sisi Tanzania kwa miaka mingi tulikuwa tunaruhusu mpaka 4, sababu wangesema 1.5 enzi hizo ingebidi wafunge visima vingi watu wabaki bila maji kabisa.

Sasa hapa ndo nataka niingize habari ya hela, maana mimi ni mhazini wa kikoba na mikopo ya watu inapita mikononi kwangu, naona hela za nyumba zinavyoondoka. Watu wakisikia maji yana madini wanafanya moja kati ya mawili. Kuna anayesema aah babu zetu walikunywa hayo hayo, anaendelea. Na kuna anayeogopa anaanza kununua chupa za dukani, chupa ya lita moja na nusu buku, leo mbili kesho tatu, haoni uchungu kwa sababu ni buku buku, lakini piga hesabu, lita 20 kwa mtindo huo zinavuka 13,000 wakati kujaza dumu kubwa kwa wauza maji ya kuchujwa hapa kwetu haifiki hata nusu ya hiyo. Mwezi ukifika katikati hela imekata, anarudi kwenye bomba, au anakuja kwangu anataka mkopo wa dharura, nikimuuliza dharura gani anasema hela tu imeisha.

Maji ya nyumbani sio yote ya kunywa jamani. Kuoga, kufua, kudeki, kuosha gari la mzee, yote hayo tumia ya bomba wala usiwaze, floraidi inakudhuru ikipita mdomoni, ngozi haina habari nayo. Yanayotakiwa yawe mazuri ni ya kunywa na ya kupikia, na kupikia wengi wanasahau, utakuta mtu ana chupa ya maji safi mezani halafu chai, uji, ugali, maharage vyote vimepikwa na maji ya bomba, sasa amefanya nini. Familia ya watu watano ndoo moja ya lita 20 kwa siku ya kunywa na kupikia inatosha, labda siku ya wageni. Kwa hiyo unachotafuta ni ndoo moja tu kwa siku, na ndoo moja kwa siku ni kitu unachoweza kukipangia bajeti kama unavyopanga kodi ya nyumba: mwezi ukianza hela ya ndoo 30 inatengwa pembeni kabla ya bando, kabla ya saluni, kabla ya mchango wa harusi ya mtu ambaye hata humjui vizuri. Nawaambia wamama kwenye kikoba waiweke kwenye laini ya simu ya pili ile ambayo haina mazoea ya kutoa hela, maana kibubu cha ndani mzee akikosa nauli anakijua kilipo. Na ndoo yenyewe iwe na mfuniko na koki, sio kila mtu anatumbukiza kikombe na mkono wake uliotoka huko.

Hayo maji yapatikane wapi. Ya bei rahisi kuliko yote yanaanguka bure, mvua. Maji ya mvua hayana floraidi ya kutisha kwa sababu hayajapita kwenye mawe, na huku tunapata masika kuanzia Machi mpaka Mei na vuli mwisho wa mwaka, tunayaangalia yanapita kwenye mtaro. Milimita moja ya mvua kwenye bati la mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo nyumba ndogo tu yenye bati mita za mraba 40 ikipata mvua ya milimita 25, yaani mvua moja ya maana ya usiku, ni lita 1,000, toa kidogo zinazomwagika. Simtenki la lita 1,000 ukichota ndoo moja kwa siku unakaa nalo siku 50. Siku hamsini hununui maji! Na kwenye masika linajaa linamwagika linajaa tena, ukiwa na mawili au la lita 2,000 unasogea mbali sana kwenye kiangazi.

Ila kuna utaratibu wake, usije ukaniambia mhazini alisema. Mvua ya kwanza baada ya jua refu usikinge, iache ioshe bati maana juu kule kuna vumbi, majani na mavi ya ndege. Gata zisafishwe kabla ya msimu, mdomo wa tenki uweke neti ya mbu, na tenki liwe na mfuniko lisipigwe jua ndani likaota ukijani. Na kwa sababu ndege hawana adabu, vijidudu bado vinaweza kuwepo, hapo sasa ndo ushauri wa kuchemsha unaingia, au vidonge vya klorini vile vya WaterGuard, kidonge kimoja ndoo ya lita 20 ya maji yasiyo na tope, koroga, funika, subiri nusu saa. Kama yana tope chuja kwanza na kitambaa safi. Linganisha bei ya kidonge na bei ya sado ya mkaa halafu wewe mwenyewe utajua. Harufu ya klorini inakera mwanzoni, ukiyaacha usiku kucha inapungua na watoto wanazoea.

Simtenki ni hela nyingi kwa mara moja, hilo najua, na ndo hapo watu wanakimbilia ile mikopo ya mtaani ya kausha damu. Mama mmoja mteja wangu wa nguo, hayuko kwenye kikoba chetu, alichukua huko laki moja ya kununulia gata na mabomba, marejesho kila siku jioni mtu anakuja getini, na akichelewa siku moja kuna faini, mwisho amerudisha laki na arobaini na tenki lenyewe bado hajanunua. Kwa nini usifanye mchezo wa kuchangiana kwa zamu? Sisi tulikaa wamama tukakubaliana kila wiki kila mtu anatoa kiasi, hela haishikwi na mtu mkononi, inaenda kununua tenki moja kwa moja dukani, anapelekewa mwenye zamu, wiki nyingine tunaanza kuchangia la mwingine. Zamu tulipiga kura, isipokuwa wenye watoto wadogo tukawaweka mbele, kulikuwa na maneno kidogo lakini yakaisha. Ukinunua kwa pamoja hata mwenye duka anapunguza bei na usafiri wa guta mnagawana. Na kama ni lazima ukope, kopa kwa mtu mwenye leseni ya Benki Kuu, sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 ipo, hata sisi vikoba inatutaka tusajiliwe, kwa hiyo anayekukopesha omba uone karatasi yake na usaini mkataba uliousoma, sio karatasi ya daftari.

Asiyekuwa na bati la kukinga, kwa mfano mpangaji wa chumba kimoja, ajue anachonunua. Chujio la chungu na la mchanga yanazuia uchafu na vijidudu, floraidi inapita. Chujio la kutoa floraidi ni jingine, maalum kwa kazi hiyo. Kile kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji pale Ngurdoto kwa miaka mingi wanatumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ile mifupa inanasa floraidi, ila inajaa na lazima ibadilishwe, mtu akikuuzia chujio la mifupa muulize linabadilishwa baada ya muda gani na kwa bei gani, kama hajui usimpe hela. Na pale Tengeru kwenye taasisi ya Nelson Mandela, Dk. Askwar Hilonga alitengeneza chujio la Nanofilter lililompa tuzo ya uhandisi ya Africa Prize mwaka 2015, mtu wa hapa hapa Arusha, sasa sisi majirani zake tunanunua chupa za buku buku, inauma.

Kitu kingine kinachopita kimya kimya ni magadi. Tunayapenda kwenye makande, kwenye maharage, na wenzetu wa Moshi kwenye kiburu, yanalainisha haraka kweli, lakini magadi mengi ya huku yana floraidi na wataalamu walishayapima na kusema. Unahangaika na maji halafu unatia kijiko cha magadi kwenye sufuria. Loweka maharage na mahindi usiku, asubuhi mwaga yale maji, pika na maji mapya, yanaiva vizuri na mkaa unapungua, hilo bibi yangu alikuwa analifanya bila kusoma gazeti lolote. Mtaniambia makande bila magadi hayana ladha. Kwa watu wazima sibishani, ila sufuria ya watoto msitie.

Mhariri, ombi langu kwako na kwa wanaohusika ni dogo. Ule mradi mkubwa wa bilioni 520 ulileta maji Arusha mjini kutoka mpaka huko Hai, na vijijini tuna RUWASA, wakala wa maji vijijini, wote hawa maji wanayapima, namba wanazo. Basi kiwango cha floraidi kiandikwe kwenye bili, na kwenye vituo vya kuchotea kibandikwe kibao, kisima hiki ni 0.8, hiki ni 5, mama mwenye ndoo kichwani asome aamue hiki nakunywa hiki nafulia. Kuandika namba kwenye bili ambayo tayari inachapishwa kila mwezi hakuhitaji mfadhili. Na gazeti lako likitoa tena ule ukurasa wa afya wakati wa mvua, naomba muandike na habari ya floraidi kwa wasomaji wa huku kaskazini, na mkiweza mtutafutie mtupe na bei ya kupimisha sampuli moja ya maji ya kisima binafsi na inapelekwa ofisi gani, kwenye kikoba kuna wanne tayari wana chupa zao wanasubiri.

Mhazini wa kikoba na fundi cherehani,
Usa River, Arusha