Barua kwa mwanangu, kabla hujanunua hema

Tegeta, Dar es Salaam

Mwanangu,

Mama yako kanisomea ujumbe wako jana wakati wa chakula, ule wa kwamba Desemba utashuka kutoka Dodoma na wenzako wawili, mvue samaki kisha mkalale kisiwani Mbudya. Karibuni, magodoro yapo. Ila umeuliza bei ya hema, umeuliza na ukubwa wa ndoana, hukuuliza mwezi wa angani utakuwa na siku ngapi. Hapo ndipo nilipoweka tonge chini.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Mama yako akiwa na mimba yako, mimi na rafiki yangu tuliazima boti ya faiba tukatoka Kunduchi kwenda Mbudya kutembea. Tulifika alasiri, saa kumi hivi, maji yamefura hadi karibu na mivinje. Mwezi ulikuwa mpevu. Tukatia nanga hatua chache tu kutoka ufukweni ili tusilowe suruali, tukajiona mabaharia. Saa moja jioni nageuka kuitazama boti, imelala ubavu mchangani kama ng'ombe aliyeshiba. Tumepwelewa. Tuliisukuma mpaka mgongo ukalia, haikusogea hata shubiri. Ikabidi tukae chini tuyatazame maji yakizidi kutoka hadi saa nne, kisha tuyasubiri yarudi. Boti ilielea saa nane usiku. Kunduchi nilimkuta mama yako amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kajitanda kanga mbili. Hakunisemesha siku tatu. Hata jana, kutaja Mbudya tu, alinitazama.

Basi shika hili. Hapa Dar, wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi na kupwa karibu na saa nne, mchana na usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Katikati ni maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayatoki sana. Wavuvi wa Kunduchi huhesabu kwa vidole. Wewe una simu, lakini simu huisha chaji.

Kuhusu kuvua: Mbudya hakuvuliwi. Ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Najua utasema mshipi mmoja hauna madhara. Acha. Nimeziona zama ambazo mlio wa baruti za kuvulia samaki ulikuwa kama jogoo wa asubuhi, na matumbawe yaliyovunjika siku moja hayaoti kwa umri wako. Siku ya kwanza tutavua nje ya mipaka na nahodha ninayemfahamu, mwenye kibali chake, samaki tulete nyumbani. Siku ya pili mtakwenda kulala kisiwani. Mkitaka samaki huko, wapo watu wanaokaanga, nunueni.

Mshipi utakaotumia ni wangu wa zamani, nailoni iliyozungushwa kwenye chupa ya plastiki. Tia chambo cha ngisi, teremsha hadi chubwi, yaani ile risasi ya kuzamishia mshipi, iguse chini, kisha ivute juu kama dhiraa moja. Uzi uupitishe juu ya kidole cha shahada, usiufunge kidoleni hata mara moja. Samaki aitwaye changu hudonoa: tk, tk, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Usivute. Ngoja uzi uwe mzito, ndipo upige. Chewa habishi hodi, humeza na kukimbilia pangoni, na ukichelewa mshipi umekatika kwenye jiwe. Ukimpata tasi, usimshike kwa pupa, miba yake ina sumu. Ikikuchoma, tia mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia. Bunju akivimba kama mpira, wenzako watacheka na kupiga picha. Sawa, lakini haliwi, hata aoshwe vipi.

Hema lipigwe juu ya ule mstari wa mwani mkavu, maana ndipo maji yalipoishia juzi. Maji ya kunywa bebeni ya kutosha. Na hao wenzako wa bara, waulize mapema kama wanajua kuogelea, wasione haya. Jaketi okozi kila mtu avae tangu Kunduchi, siyo likaliwe kama mto.

Nimefungua kalenda ya mwezi hapa, nimeweka alama ya kalamu kwenye siku tatu za maji mafu. Niambie ipi inakufaa nimwambie nahodha. Ndoana zipo juu ya kabati kwenye kopo la maziwa ya unga. Ukilifungua, usiingize mkono, mimina.

Baba yako.