Tuuzieni risasi uwanjani, maganda mhesabu wenyewe

Kwa Mhariri,

Jumamosi iliyopita tulikuwa watu 11 kwenye uwanja wa shabaha, upande wa Kiambu, na risasi zetu zote zikijumlishwa zingetosha watu 4. Mashindano madogo ya klabu, ambayo kwa kawaida kila mmoja huja na risasi 100, yalikatwa hadi raundi mbili. Mzee mmoja, ambaye ndiye aliyetufundisha wengi wetu kushika bastola, alifyatua magazini moja tu, akaokota maganda yake, akaketi kwenye benchi na chupa yake ya chai kututazama. Nilipomuuliza mbona ameacha mapema, alinijibu, "Daktari, hizi zilizobaki ni za nyumbani."

Najua kuna wasomaji watakaocheka kusikia wenye bunduki nao wanalia bei. Nairobi hii, bunduki ikitajwa mtu huwaza jambazi au askari, hakuna wa tatu. Sisi wa tatu tupo. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, kwa hivyo raia mwenye leseni hana swara wa kufuata. Ana karatasi yenye duara jeusi na mita 25 za nyasi. Na hatukuokota leseni njiani. Desemba 2018 serikali iliamuru kila raia mwenye silaha apigwe msasa upya, nami nilipanga foleni na wenzangu, nikaacha alama za vidole, nikahojiwa maswali ambayo hata mama mkwe hakuwahi kuniuliza.

Sasa twende kwenye bei. Pesa iliyoninunulia maboksi mawili ya milimita 9 mwaka 2019, leo inaninunulia moja na chenji ya chai. Hiyo ni siku ambayo boksi lenyewe lipo. Muuzaji alikuwa akinieleza kwamba tatizo ni dola. Dola ilipokaribia shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, nilimwamini. Kabla ya mwaka huo kwisha ikateremka hadi karibu 129, ila bei ya risasi ikabaki juu kama paka aliyepanda mti na kusahau njia ya kushuka. Nilipouliza tena, habari ya dola haikutajwa kabisa; sasa ilikuwa vita vya Ukraine.

Hilo la vita, kusema kweli, hakunidanganya. Baruti ya kisasa isiyo na moshi hutengenezwa kwa nitroselulosi, nayo hutokana na nyuzi fupi za pamba zinazotiwa asidi. Malighafi hiyohiyo ndiyo inayotakiwa na viwanda vya risasi za mizinga, na tangu 2022 nchi za Ulaya zinahangaika kujaza maghala yao. Kabla ya hapo ilikuwa zamu ya fataki kuadimika, kile kikombe kidogo kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti. Mwaka wa korona Wamarekani mamilioni walinunua bunduki kwa mara ya kwanza, na mwaka huohuo kampuni ya Remington, iliyokuwa ikitengeneza bunduki, risasi na fataki hizo, ikafilisika. Kiwanda chenye oda ya jeshi mezani hakiwezi kukumbuka klabu ya watu 11 huko Nairobi. Isitoshe, risasi ni mzigo wa hatari, si kila ndege wala kila meli inayokubali kuubeba, na kila shehena hudai vibali vyake. Mwagizaji akishapata kidogo, anajua tutagombania.

Kuna atakayesema basi tuache, tukacheze gofu. Ningekubali kama bastola zetu zingelala uwanjani. Hazilali huko. Tunarudi nazo nyumbani, na wengine hutembea nazo kiunoni kwenye maduka mnayonunua unga. Mtu huyo ungependa awe amefyatua mara ya mwisho lini? Mimi najijua: nikikaa wiki 6 bila kwenda uwanjani, kidole huvuta kifyatulio kwa pupa, mkono huinama kabla ya mlio, na matundu yote huhamia chini kushoto mwa karatasi. Jioni nikishafunga duka la dawa hufanya mazoezi makavu, bastola tupu ikitazama ukuta wa mawe. Yanasaidia. Lakini bastola tupu haina kishindo wala teke, na woga wa kishindo ndio unaoharibu shabaha.

Ndiyo maana naandika. Tunacho kiwanda cha risasi hapa nchini, Kenya Ordnance Factories Corporation kule Eldoret, kilichojengwa miaka ya 1990, na kaliba ya milimita 9 ni miongoni mwa zile kinachotengeneza. Katika miaka yangu yote ya kununua risasi kaunta, sijawahi kukabidhiwa boksi lake hata moja. Ombi langu ni kwamba sehemu ya risasi hizo iuzwe kwenye viwanja vya shabaha vilivyosajiliwa, zifyatuliwe hapohapo, na mtu asitoke getini kabla ya kurudisha maganda kwa hesabu. Umepewa 50, unarudisha maganda 50. Iliyogoma kulipuka nayo irudishwe. Na kwa vile cheti cha silaha hutaja idadi ya risasi ambazo mtu anaruhusiwa kununua na kuwa nazo, Bodi ya Leseni za Silaha itamke wazi kwamba zilizonunuliwa na kumalizwa uwanjani siku hiyohiyo hazikatwi kwenye kiasi hicho.

Nasikia tayari swali la usalama, na halikutoka hewani. Mwaka 2008 watafiti wa Small Arms Survey walieleza jinsi risasi zenye mhuri wa Eldoret zilivyokuwa mikononi mwa raia Turkana Kaskazini. Lakini hizo hazikupita kwenye uwanja wowote wa shabaha. Zilitoka kwenye maghala ya polisi. Mimi ni mfamasia. Mofini ninayotunza ina daftari lake: iliyoingia, iliyotoka, aliyepewa, sahihi ya daktari, salio. Mkaguzi akija haulizi kama mimi ni mcha Mungu. Anafungua kabati, anahesabu chupa, analinganisha na daftari, basi. Ganda la risasi ni rahisi zaidi kuhesabu kuliko dawa ya maji, tena lina mhuri kitakoni.

Bei nayo itangazwe, ibandikwe ukutani uwanjani, tujue tunalipia nini. Sidai ruzuku ya mlipa kodi kwa burudani yangu. Niko tayari kulipa gharama ya kiwanda na faida yake juu. Ninachokataa ni kulipia dola ya mapema 2024 hadi leo.

Mashindano yetu yajayo ni mwisho wa mwezi ujao. Tumekubaliana kila mtu aje na risasi 30 pekee. Yule mzee amesema atakuja, ila atashika saa.

Mfamasia na mlenga shabaha,
South B, Nairobi