Msitu wa Magamba umeguswa, tena kwa msumeno

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu safari ya kulala msituni na kupanda kilele cha Magamba imenifurahisha, maana wanaoandika habari za Lushoto wengi huishia Irente, kwenye mwamba wa kutazamia tambarare, wakapiga picha na kurudi. Lakini kuna jambo siwezi kulinyamazia. Mwandishi anasema msitu ule haujaguswa na mkono wa binadamu.

Umeguswa sana. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Kijerumani ya Wilkins & Wiese ilikuwa na kiwanda cha kupasua mbao huko Shume, katika milima hiyohiyo ya Usambara, mahali walipopaita Neu-Hornow. Walichokifuata ni mwangati, mti wenye mbao nyekundu zinazonukia na zisizoliwa na mchwa. Kupasua ilikuwa kazi, ila kushusha ndiyo ilikuwa kazi zaidi, kwa sababu milima pale inakatika ghafla hadi tambarare. Basi wakafunga waya wa angani, mbao zikawa zinaning'inia juu ya makorongo mpaka Mkumbara, kwenye reli ya kwenda Tanga. Na serikali ya kikoloni ya Wajerumani haohao ndiyo iliyotoa amri ya kuhifadhi misitu mwaka 1904, Msambaa, mwenyeji wa milima hii, akaanza kuulizwa anatafuta nini katika msitu wa babu zake.

Uvunaji haukuishia kwa Wajerumani. Sehemu kubwa ya Shume leo ni misindano iliyopandwa kwa mistari, na anayetembea huko anaiona mwenyewe. Ndani ya msitu wa asili alama zinahitaji jicho. Mkulo ukikatwa huchipua kwenye mizizi, kwa hiyo ukiona mashina membamba yamezunguka pahali patupu, hapo palikuwa na mti mkubwa. Ukikuta njia pana inayopanda taratibu mno katikati ya miti, jiulize ilichongwa ipitishe nini.

Sisemi haya kumkatisha mtu tamaa. Mbega wapo, na ndege wasiopatikana popote duniani isipokuwa Usambara wapo. Nendeni, mlale (na mbebe sweta, makala haikugusia baridi ya Julai kule juu), mpande kileleni alfajiri kabla ukungu haujafunga.

Ila tangu Magamba iwe hifadhi ya mazingira asilia, mgeni huelezwa zaidi habari za vinyonga na maua kuliko za vibarua waliobeba magogo yale. Ombi langu kwa TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, na kwa waongoza watalii wetu ni hili: mabaki ya kiwanda cha mbao yawekwe kibao chenye maelezo ya Kiswahili, na wazee wa Shume na Mkumbara wanaokumbuka simulizi za baba zao warekodiwe mwaka huu, si mwakani.

Msomaji wenu,
Lushoto