Kabla ya kulipia safari ya pikipiki za theluji, tuulize kiongozi mmoja ana watu wangapi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niongeze neno juu ya makala mliyochapisha katika ukurasa wa safari, kuhusu matembezi ya pikipiki za theluji katika visiwa vya Svalbard, kaskazini mwa Norwe. Makala ilikuwa nzuri na picha yake nzuri zaidi: msururu mrefu wa pikipiki ukikata bonde jeupe, jua likiwa chini kabisa na kila pikipiki ikiburuta kivuli chake kirefu. Nilizihesabu pikipiki hizo. Zilikuwa 17, na mtu pekee aliyebeba bunduki mgongoni, ambayo katika nchi ile ndiyo alama ya kiongozi wa msafara, alikuwa wa kwanza mbele. Mwandishi wenu alitueleza kilomita walizokwenda, mwendo waliofikia na supu waliyokunywa, lakini hakutueleza kwamba kiongozi yule alikuwa na watu wangapi wa kuwaangalia. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kwanza ambalo msomaji anayefikiria kulipia safari ya namna hiyo anastahili kuambiwa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nimefika Svalbard mara mbili, zote mwezi Machi. Wageni wengi huupenda mwezi huo kwa sababu jua, ambalo halichomozi kabisa katika mji wa Longyearbyen kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari, linakuwa limerudi, ilhali theluji bado ni ngumu na nyingi. Hakuna barabara inayounganisha mji huo na makazi mengine ya visiwani. Anayetaka kutoka mjini wakati wa baridi huenda kwa pikipiki ya theluji, kwa sleji inayovutwa na mbwa, au kwa skii, yaani mbao ndefu nyembamba za kutelezea juu ya theluji. Kwa wenyeji, basi, chombo hiki ni cha kazi na cha kila siku, na heshima wanayokipa ni ya watu wanaojua kwamba kikizimika mbali na mji, baridi haimsubiri mtu.

Safari ya kwanza niliilipia kwa kampuni iliyotangaza kundi dogo. Asubuhi tulipokusanyika tulikuta pikipiki 14 zimepangwa nyuma ya kiongozi mmoja, kijana mchangamfu na mwenye bidii, ambaye alitufundisha kwa muda wa kama dakika 10 hivi. Kuiendesha pikipiki hii hakuhitaji zaidi ya hapo. Haina magurudumu: mbele ina skii mbili zinazofuata usukani, nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaouma theluji, na dereva hutia mafuta kwa kubonyeza wenzo mdogo kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Kuna pia kamba fupi inayofungwa kwenye nguo au mkono wa dereva, ili akianguka ichomoke na injini izime. Wepesi huo ndio unaotudanganya wageni, kwa kuwa mtu akishaweza kwenda mbele, kugeuka na kusimama, hudhani amekwisha kujifunza, na hali anachopaswa kukijua hakiko kwenye pikipiki. Kiko kwenye upepo, kwenye mteremko ulio juu yake, na kwenye ngozi ya uso wake mwenyewe.

Tukiwa katika Adventdalen, bonde pana linaloanzia ukingoni mwa mji, upepo uliamka. Theluji ilianza kupeperuka chini chini, kwanza kufikia magoti, kisha ikapanda hadi nikawa naona taa ya nyuma ya aliyenitangulia kama punje ya mahindi iliyotiwa rangi nyekundu. Nilikuwa wa pili kutoka mwisho. Nyuma yangu alikuwa mzee mmoja aliyesafiri peke yake, na nilipogeuka kumtazama sikuiona taa yake. Nilisimama. Wa mbele yangu hakujua kwamba nimesimama, wala wa mbele yake, na msururu wote ukaendelea hadi sauti ya injini zao ikapotea. Nilirudi polepole kwa kufuata alama zetu, nikamkuta mzee yule amesimama kando ya pikipiki iliyozimika, ameinama, mkono mmoja mtupu. Kamba yake ya usalama ilikuwa imechomoka, na kwa kuwa glavu nene hazikumwezesha kuirudisha mahali pake, alikuwa amezivua ili aishughulikie kwa vidole.

Kipimajoto cha asubuhi kilikuwa kimesoma nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa baridi hiyo, mwendo wa kilomita 40 kwa saa peke yake huifanya ngozi iliyo wazi ipoteze joto kama vile hewa ni nyuzi 34 chini ya sifuri, na siku ile upepo ulikuwa umeongezeka juu ya mwendo wetu. Ncha za vidole vyake vitatu zilikuwa nyeupe na ngumu kama nta ya mshumaa, na aliponitazama aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba hazimuumi. Nilikuwa nimesoma kwamba maumivu yanapoondoka ndipo hali imekuwa mbaya. Nilimwingiza mkono ndani ya koti langu, chini ya kwapa, tukasimama hivyo tukiwa tumeupa upepo mgongo. Kiongozi alirudi baada ya dakika 20 au zaidi, na alikuwa ametambua kwamba tumepungua pale tu aliposimamisha msafara kwa ajili ya chai.

Simlaumu kijana yule, na sitaki msomaji amlaumu. Kanuni ya kawaida ni kuacha nafasi ya kama mita 30 kati ya pikipiki na pikipiki, ili mtu akisimama ghafla asigongwe. Kwa pikipiki 14 nyuma ya kiongozi, huo ni msururu wenye urefu wa zaidi ya mita 400, na siku ile hakuna jicho lililoweza kuona hata mita 50. Aliyempa watu 14 ndiye alimpa kazi isiyowezekana. Mzee yule aliniandikia miezi kadhaa baadaye kwamba vidole vimepona, ila ncha mbili bado zina ganzi kila anaposhika kitu cha baridi.

Hesabu hiyo hiyo inaingia katika kila hatari nyingine ya nchi ile. Chukua maporomoko ya theluji. Mnapopita chini ya mteremko mkali mnavuka mmoja mmoja, wengine wakisubiri mahali palipo salama, ili mlima ukiachia theluji umpate mtu mmoja na wengine wabaki wa kumchimbua. Kundi la watu sita huvuka kwa dakika chache. Kundi la watu 15 hukawia, baridi huwaingia wanaosubiri, subira huisha, na wawili au watatu huanza kufuatana. Hatari hii si ya kubuni: tarehe 19 Desemba 2015 theluji iliteremka kutoka mlimani hadi ndani ya mji wenyewe wa Longyearbyen, ikasukuma nyumba 11 na kuua watu wawili waliokuwa majumbani mwao. Na sasa, kwa kuwa Aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini ya dunia, inapata joto kwa kasi kuliko sehemu nyingine nyingi za dunia, mvua hunyesha hata katikati ya majira ya baridi, ikaacha tabaka la barafu ambalo theluji mpya hulala juu yake bila kushikamana nalo. Kuisoma theluji ya namna hiyo ni elimu, na mwenye elimu hiyo anahitaji nafasi ya kusimama, kuchimba kidogo kwa sepeto na kuamua, jambo lililo gumu akiwa na watu 14 nyuma yake wanaonguruma.

Chukua pia dubu weupe. Tangu tarehe 1 Januari 2025, sheria ya Svalbard inamtaka mtu akae umbali wa angalau mita 300 kutoka kwa dubu, na kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Juni umbali huo ni mita 500, kwa sababu huo ndio wakati majike wanapotoka mapangoni na watoto wachanga na kuwinda sili, wanyama wa baharini wanaopumzika juu ya barafu, kwenye barafu ya bahari. Kiongozi anayemwona dubu mbele hana budi kuligeuza kundi lote kwa utulivu na kuondoka, na bunduki pamoja na bastola ya fataki za kumtisha mnyama ziko kwake, mbele. Mwenye kuelewa urefu wa msururu nilioutaja ataelewa mara moja wasiwasi wangu kwa walio mkiani.

Safari ya pili ilikuwa ya siku nzima na kampuni nyingine, nayo tulikuwa wageni watano na kiongozi mmoja, mwanamke aliyeishi visiwani humo kwa miaka mingi. Mafunzo yalichukua karibu saa nzima, na sehemu kubwa ilihusu nguo. Alimwomba kila mmoja wetu amwambie alichovaa ndani, na aliposikia kwamba nina fulana ya pamba alinitaka niivue, akaniazima ya sufu, akinieleza kwamba pamba hunyonya jasho na kulishika hadi ligeuke baridi mwilini. Alitufanya tufunge na kufungua ile kamba ya usalama tukiwa na glavu, mara tatu kila mmoja. Niliikumbuka mikono ya yule mzee.

Njiani alisimama mara kwa mara, akazima injini, akapita kwa kila mtu na kumwambia afungue kioo cha helmeti ili aone uso. Katika kituo cha pili alinishika kidevu, akanigeuza kuelekea mwanga, akasema nina doa. Mimi sikuwa nimehisi lolote. Lilikuwa juu ya shavu la kushoto, jeupe, dogo kama shilingi, mahali ambapo kitambaa cha uso kilikuwa kimeteleza. Alinizuia nisilisugue, akaniambia nivue glavu moja na kuweka kiganja cha joto juu yake, na akasimama nami hadi damu iliporudi na shavu kuanza kuchoma. Halafu alikifunga kile kitambaa yeye mwenyewe. Yote hayo yalichukua dakika nne au tano, na kama tungekuwa 14 nisingelisikia doa lile hadi jioni.

Katika bonde la Sassendalen tulikutana na kulungu wa Aktiki watano, wafupi wa miguu na wanene wa manyoya, wakifukua theluji kwa kwato wapate majani yaliyokauka. Wanyama hawa walikaribia kumalizwa na wawindaji hadi walipopewa ulinzi wa sheria mwaka 1925. Wakati wa baridi wanaishi kwa mafuta waliyoyajenga miilini wakati wa kiangazi, na kila mara wanapokimbizwa hutumia akiba isiyorudishika. Kwa hiyo tulizima injini na kungoja. Kundi dogo linaweza kunyamaza. Harufu ya petroli iliondoka, na kitu pekee nilichosikia kwa muda mrefu kilikuwa kwato zikivunja ganda la theluji. Kisha wale kulungu wakasogea wenyewe, kwa hatua zao, tukapita.

Tulipofika kwenye hori ya Tempelfjorden, ambako barafuto, yaani mto wa barafu unaosogea polepole, huteremka kutoka milimani hadi baharini, kiongozi alituegesha ufukweni. Alituonyesha kwa darubini sili aliyelala kando ya tundu lake, akatueleza kwamba sili huzaa juu ya barafu hiyo katika majira haya, na kwamba ndiyo maana serikali imeweka mipaka kwa pikipiki juu ya barafu ya bahari katika baadhi ya hori. Nilikuwa na maswali mengi, na yote yalijibiwa.

Najua pingamizi litakalokuja: kundi dogo ni ghali zaidi, na safari yenyewe tayari si ya bei ndogo. Ni kweli, na silipuuzi. Ushauri wangu kwa mwenye bajeti ni kuchukua safari ya saa tatu au nne katika kundi dogo badala ya siku nzima katika kundi kubwa, au wawili kushirikiana pikipiki moja na kupokezana usukani, kwani kampuni nyingi humtoza mtu wa pili kwa bei nafuu. Wapo pia watakaosema kwamba injini hizi hazifai kuingizwa kabisa katika nchi ya kulungu na dubu. Hoja hiyo inanisumbua hadi leo. Zipo kampuni zilizoanza kutumia pikipiki za umeme, nami ningezichagua.

Kuna mambo mengine mawili ambayo makala iliyaacha. Svalbard, kwa mujibu wa mkataba uliosainiwa Paris mwaka 1920, haidai viza, lakini safari hupitia Norwe bara, na kwa kuwa visiwa hivyo viko nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, anayehitaji viza ya Schengen lazima awe na ile inayomruhusu kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo atakwama wakati wa kurudi. Na anayetaka kuendesha mwenyewe lazima awe na leseni halali ya udereva, asiwe ameonja kileo, hata kile cha usiku uliotangulia kama bado kimo mwilini.

Nimalizie kwa ombi. Mwandishi wenu bila shaka bado ana mawasiliano ya kampuni iliyompeleka. Naomba awaulize kiongozi wao huchukua pikipiki ngapi kwa wingi kabisa, kama kuna kiongozi wa pili anayefunga msafara mkiani, na katika ile picha ya pikipiki 17, nani alikuwa akimtazama yule wa mwisho, ambaye kwenye karatasi yenu anaonekana kama nukta. Majibu yao mkiyachapisha, hata kwa mistari mitatu, nitashukuru sana.

Wako mtiifu,
Msomaji wa miaka mingi