Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS): nani amepima unga ulioandikwa "gluten free"?

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwenye supamaketi moja hapa Dar es Salaam kuna unga wa muhogo wenye picha ya suke la ngano lililokatwa kwa mstari mwekundu, yaani hauna gluteni. Bei yake inakaribia mara mbili ya unga wa muhogo ulio pembeni yake, usio na picha. Muhogo haujawahi kuwa na gluteni. Gluteni ni protini ya ngano, shayiri na jamii yake. Mahindi, mchele, mtama na ulezi havina. Anayeongeza hela hapo ananunua picha, na hilo ningelinyamazia.

Kinacholeta barua hii ni mwanangu, ana ugonjwa wa seliaki. Akila ngano, kinga ya mwili wake inageuka kushambulia utumbo mdogo, chakula hakifyonzwi, mtoto anakonda. Dawa hakuna. Ni kuacha gluteni maisha yote.

Sasa twende mashineni. Kinu kikishasaga ngano ya mteja mmoja, mtama wa anayefuata unatoka na mabaki ya yule aliyetangulia. Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula ambayo nchi yetu ni mwanachama, inataka chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kilo. Marekani iliweka kikomo hicho mwaka 2013, na Ulaya inacho. Miligramu 20 ni vumbi tu la kwenye kinu. Huioni wala huionji, mpaka maabara.

Halafu kuna unga wa lishe. Pakiti moja imeandikwa "nafaka mchanganyiko", basi. Nilipiga namba iliyopo nyuma kuuliza kama kuna ngano. Nikajibiwa, "Mama, humo kuna kila kitu kizuri."

Sina ugomvi na wanaoacha ngano kwa kufuata mtindo. Wao ndio waliofanya biskuti za mwanangu zifike madukani. Tatizo ni kwamba wengi wao hata wakidanganywa hawaumwi, kwa hiyo hakuna anayerudi dukani kulalamika, na muuzaji anaona kupima ni kupoteza hela.

Tangu 2019 usalama wa chakula uko mikononi mwenu. Naomba anayeandika kwamba bidhaa yake haina gluteni awe na majibu ya maabara, nanyi mchukue sampuli sokoni bila taarifa. Wasindikaji wadogo wasiodai hivyo msiwabebeshe gharama za vipimo. Wao wataje tu kila nafaka iliyomo, na ngano iandikwe NGANO, kwa herufi zinazosomeka. Codex inataka nafaka zenye gluteni zitajwe siku zote, hata kama ni kidogo kwenye mchanganyiko.

Mkianza ukaguzi, anzeni na unga wa lishe wa watoto.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama wa mwanafunzi wa darasa la pili,
Dar es Salaam

Nakala: Wasindikaji wote wa unga