Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Makohozi Yaoteshwe Kwanza

Ndugu wanachama, na nyinyi mnaotuuguza majumbani,

Poleni na safari, hasa mliopanda basi la alfajiri kutoka Siha na Mirerani. Najua wengine mmekohoa njia nzima na abiria wakawahama viti. Humu ndani hakuna atakayemhama mtu.

Nianze na aibu. Katiba inatutaka tukutane kila robo mwaka, nasi tumekutana mara mbili tu. Robo moja mvua ilikata barabara. Nyingine nililazwa mimi, na makamu hakuwa na ufunguo wa ofisi. Ufunguo wa akiba sasa anao katibu.

Tulipounda chama hiki tulijihesabu kuwa watu waliopona TB lakini bado wanakohoa. Mwaka huu tumejua kwamba baadhi yetu, si wengi, tuna ugonjwa mwingine kabisa. Bakteria wake ni binamu wa yule wa TB, wa ukoo uleule wa mikobakteria, ila hawa makao yao ni maji na udongo. Aina zao zimepita 190 na nyingi hazina ugomvi na mtu. Wanaotutesa mapafu ni wachache: kundi la Mycobacterium avium, Mycobacterium kansasii, na Mycobacterium abscessus, ambaye ndiye jeuri kuliko wote. Bakteria hawa hujishikiza kwenye utelezi wa ndani ya mabomba, na klorini ya kawaida haiwatishi. Mwenye mapafu mazima huwavuta na kuwatoa bila habari. Sisi ambao TB ilituachia mashimo na njia za hewa zilizotanuka, kwetu wanapata pa kujificha.

Kwenye darubini hawatofautiani na TB: rangi ya Ziehl-Neelsen huwaonyesha wote kama vijiti vyekundu. Mashine ya GeneXpert nayo hutafuta vinasaba vya TB na usugu wa rifampisini, dawa kuu ya TB, basi. Kwa hiyo darubini ikisema chanya na GeneXpert ikasema hasi, hapo ndipo pa kushtuka.

Mimi sikushtuka, wala aliyenipima. Nilimeza dozi ya miezi sita mara mbili. Mara ya pili, kwenye kituo nisichokitaja, niliulizwa mbele ya foleni kama dawa nameza au natupa. Nyumbani mwanangu akanitengea sahani na kikombe changu. Kumbe miaka yote hiyo makohozi yangu hayakuwahi kuoteshwa, yaani kuwekwa maabara hadi bakteria wakue na aina yao ijulikane.

Sisemi haya kuwalaumu wahudumu. Mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu ulianza 1977, na ni hapa Tanzania daktari Karel Styblo alikoujenga ule utaratibu wa darubini na dozi fupi inayosimamiwa, ambao baadaye Shirika la Afya Duniani liliusambaza kwa jina la DOTS. Mhudumu aliyelelewa na utaratibu huo akiona kijiti chekundu anaandika TB, na mara nyingi anapatia. Sisi ndio wale wachache anaowakosa.

Kwa hiyo kazi yetu kubwa ya mwaka imekuwa hii: mwanachama akiambiwa TB imerudi, aombe kwa adabu makohozi yaoteshwe kwanza. Na yakiota mara moja asipige kelele. Madaktari wanataka sampuli mbili za nyakati tofauti ziote aina ileile, au moja iliyovutwa kwa mpira kutoka ndani ya mapafu, pamoja na dalili na picha ya kifua inayolingana. Kuota mara moja kunaweza kuwa bakteria wa bomba tu aliyeingia chupani. Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kutoa makohozi, msisukutue kwa maji ya bomba. Tumieni yaliyochemshwa yakapoa.

Boksi letu la kwanza la sampuli tulimkabidhi dereva wa basi bila barafu. Lilifika likiwa la moto kama hotpoti, na maabara ikajibu kwamba sampuli zote zimevamiwa na bakteria wengine. Kosa lilikuwa letu. La pili lilikwenda na barafu, tukasubiri. Sampuli inayooteshwa kwenye kimiminika huachwa hadi siku 42, ile ya kwenye chakula kigumu cha bakteria hadi wiki nane. Yangu yakaota avium. Ya ndugu yetu aliyechimba tanzanaiti miaka mingi yakaota kansasii, na waliomtibu hawakushangaa: vumbi la mawe huyachosha mapafu, na Afrika Kusini wanamjua kansasii zamani kwa wachimba dhahabu wao.

Kuhusu dawa. Si kila mwenye kimelea huanzishiwa dawa siku hiyohiyo; wengine daktari huwafuatilia kwanza. Kundi la avium hutibiwa kwa azithromaisini, rifampisini na ethambutoli kwa pamoja, na ile miezi 12 huanza kuhesabiwa siku makohozi yanapoacha kuota, si siku ya kidonge cha kwanza. Mimi nimeanza kuhesabu juzi tu. Yule aliyenunua azithromaisini peke yake dukani, aache leo. Kimelea akiizoea hiyo, tumepoteza dawa tunayoitegemea kuliko zote.

Ethambutoli inahitaji macho yaangaliwe. Mwenzetu mmoja ni fundi cherehani. Asubuhi moja alifungua kopo lake la nyuzi, nyekundu na kijani akaziona rangi moja. Hakusubiri kliniki ya mwezi, alikwenda kesho yake na dawa ikasimamishwa. Nyuzi sasa anazitambua.

Dawa za TB tunapewa bure, hizi tunanunua. Rifampisini ya peke yake ni kuitafuta kwa tochi, kwa sababu iliyozoeleka imechanganywa na nyingine ndani ya kidonge kimoja. Barua yetu ya kuomba msaada imegongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu bado.

Wanaotuuguza, sikieni: ugonjwa huu kwa kawaida hauambukizwi na mtu. Shaka iliyopo ni kwa abscessus, tena miongoni mwa wagonjwa wa sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoharibu mapafu, huko ughaibuni. Mwanangu sahani yangu ameirudisha kabatini pamoja na nyingine. Kikombe bado tunajadiliana.

Hesabu atazisoma mweka hazina, na swali la ada limo humo. Mimi nina jambo moja la mwisho. Nebulaiza ya chama, ile mashine ya kuvuta dawa kama mvuke, imerudi na utelezi ndani ya kikombe cha dawa, nasi ndio watu wa mwisho wanaopaswa kuvuta mvuke uliopita kwenye utelezi. Nimekichemsha. Anayeichukua leo ajiandikishe kwa katibu kabla ya chai, na akiirudisha iwe imechemshwa na kukauka.