Barua kwa Bhoke: kwa nini nilimfokea mdogo wako

Mwanangu Bhoke,

Salamu zako zimefika. Mama yako hajambo, na yule ng'ombe mweupe amezaa ndama jike.

Uliniuliza kwa nini nilimfokea Chacha hadi akalala bila kula. Kwenye simu nilikujibu kwa mkato, hasira ilikuwa bado kifuani. Siku ya chanjo ya mbwa alimficha mbwa wetu Simba ndani ya kihenge na kumfunga mdomo kwa kitambaa, eti sindano inauma.

Unakumbuka babu yako akitaja mwaka wa sotoka, ile tauni ya ng'ombe? Hakuuona, naye alisimuliwa. Virusi vya sotoka viliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Waitalia. Kufikia 1891 vilikuwa Umasaini, na 1896 vikavuka mto Zambezi. Kirusi peke yake hakina miguu, hakili wala hakizai. Hungoja kuingia ndani ya chembe hai kiitumikishe. Sotoka ilisafiri kwa pumzi na makamasi. Ng'ombe alitoka machozi, akapata vidonda mdomoni, akaharisha, na kabla hajafa alikuwa ameshapumulia wenzake mtoni. Maboma mengi yalipoteza ng'ombe wanane au tisa katika kila kumi. Binadamu hakuugua hata mmoja, lakini Wamasai waliokuwa wakiishi kwa maziwa walikufa kwa njaa.

Nyati na nyumbu nao walikufa, na miaka mingi baadaye ndama wa nyumbu Serengeti walikuwa bado wanapukutika kabla ya kukomaa. Wengi waliamini nyumbu ndio wanaohifadhi ugonjwa. Kumbe walikuwa wanaupata kwetu! Ng'ombe wa kandokando ya hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ukakatika kwa nyumbu bila kuwachoma sindano. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walishapita milioni moja. Wakayala majani, moto wa kiangazi ukakosa cha kuunguza, miti ikaanza kurudi. Migunga uliyoipiga picha mlipokwenda na shule, mingine imesimama pale kwa sababu ng'ombe wa mtu alichomwa sindano shingoni.

Sotoka yenyewe imekwisha. Chanjo iliyoimaliza ilitoka Muguga, karibu na Nairobi, kwa daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake, na 2011 dunia ikatangazwa haina tena ugonjwa huo. Lakini ndugu zake wapo. Surua ya watoto ni ya ukoo huo, na iko homa moja ya mbwa, nayo ni ya hukohuko. Mwaka 1994 homa hiyo iliwapata simba wa Serengeti. Walitetemeka, wakaanguka kama wenye kifafa, na karibu theluthi moja wakafa. Walioshukiwa kwanza ni mbwa wa vijiji kama chetu. Na sisi wetu tumemwita Simba, unaona mambo hayo! Sijataja kichaa cha mbwa, ambacho dalili zikishamtokea mtu, hakuna dawa.

Jumamosi nilimpakia Simba kwenye baiskeli hadi kijiji cha pili, ambako kasha la barafu lilikuwa na dozi zilizobaki. Chacha alitufuata mbio. Alimshika kichwa mwenyewe. Mbwa alinyamaza tu, aliyelia ni Chacha.

Nimekutumia elfu ishirini ya madaftari.

Baba yako